Soksi Isiyo na Mshono

Fundi aliigeuza soksi ndani nje, akaisogeza dirishani, akatafuta mshono. Hola! Miaka arobaini kwenye cherehani, na leo soksi ya kijivu inamtoa jasho.

"Baba, ni za kuvaa, si za kukagua," alisema bintiye, muuguzi. "Uzi wake una unga wa madini. Unapokea joto la mwili na kulirudisha kwa miale ya infraredi, damu ipite vizuri miguuni. Ila vidonge usiache."

"Aliyezifuma nani?"

"Mashine."

"Mashine inishinde mimi!"

Kisukari kilikuwa kimemwibia nyayo. Hakuihisi tena pedali ya cherehani. Alikanyaga kwa kubahatisha, na wiki iliyopita sindano ilimpitia kidoleni. Mguu usipoamka, kazi ndiyo basi, na bila kazi hakujua angekuwa nani.

Binti alipoondoka, uvumilivu ulimwishia. Akachukua mkasi, akaifumua soksi moja. Jamani, kazi ile! Kisigino kimezungushwa bila uzi kukatwa popote, vidole vimefungwa pasipo hata kinundu kimoja cha kuchubua ngozi. Alikaa na nyuzi mapajani, akitikisa kichwa kwa raha.

"Mashine wapi," alinong'ona. "Huyu ni fundi, tena fundi haswa."

Ndipo akakumbuka kwamba miguu ni miwili. Akaona haya kusema. Soksi iliyobaki akaivalisha mguu wa kulia, wa pedali, kila siku kwa wiki sita.

Siku ya kupimwa aliivua mapema, akakaa miguu mitupu, asije akaulizwa. Binti alimwambia afumbe macho, akashika uzi mgumu wa nailoni wanaopimia nyayo.

"Nikikugusa, sema."

"Hapo! Kidole gumba! Na hapo tena, kisiginoni!" Fundi alicheka hadi machozi yakamtoka. "Pedali hiyo, mwanangu! Nimeipata!"

Binti naye akacheka, akamkumbatia. Habari ya soksi ya pili hakuwa nayo. "Haya, Baba, lete wa kushoto."

Fundi aliacha kucheka. Aliunyoosha mguu, macho kayafumba, meno kayauma, akasubiri. Akasubiri sana.

"Gusa basi, mama," alisema.

Binti alikuwa ameshagusa mara tatu.