Madoa ya Angani na ya Sebuleni

Wiki ile kila mwenye simu aligeuka mtaalamu wa anga. Chombo kilichotumwa mbali huko kilipiga picha ya sayari kibete, kadude keusi ka mviringo, na juu yake yaking'aa madoa meupe ambayo hata wenye chombo chao hawakuyaelewa. Wakawaomba watu wapige kura mtandaoni. Barafu? Volkano? Chumvi? Au kitu kingine?

Fundi rangi alikuta mjadala umepamba moto sebuleni kwa mama mkwe wake.

"Hizo ni taa," alisema jirani, mshona viatu. "Kuna watu kule."

"Watu gani wasiozima taa mchana?" mama mkwe akamkatiza. "Barafu hiyo!"

Fundi alikuwa akitazama ukuta wa bluu alioupaka mwenyewe wiki tatu zilizopita. Nao ulikuwa umetoka madoa meupe, mengine mapana kama kiganja. Mama mkwe alishatoa hukumu zamani: ni mdogo wake wa kike, yule ambaye fundi humwita mama mdogo, anayefuta kuta kwa sabuni ya unga hata akikatazwa. Mdogo mtu aliapa hadi sauti ikamkauka. Leo alikuwa chumbani, mlango wazi, akikunja nguo aihame nyumba aliyoishi miaka tisa.

Na fundi alijua. Plasta ilihitaji wiki nne ikauke. Yeye aliipaka rangi siku ya sita, kwa haraka ya kuwahi kazi nyingine, akasema imekauka kabisa. Alikuja leo kuungama, lakini kila akifungua mdomo, taa na barafu zinamtangulia. Kichwa kikamvurugika, asijue tena wanazungumzia ukuta au sayari.

"Mkwe, hebu tusaidie." Mama mkwe akamsogezea simu. "Wewe ndiye mtu wa rangi. Nibonyeze wapi?"

"Chumvi, mama," ikamponyoka. Akaeleza mbiombio: maji yakiwa ndani hutafuta pa kutokea, yakifika nje hukauka, na chumvi yake hubaki hapo juu, nyeupe.

"Maji ndani ya jiwe?" jirani akacheka. "Yaliingilia wapi?"

Mama mkwe hakucheka. Alitazama simu, akatazama ukuta, akaitazama tena simu. Akainuka, akakwangua doa kwa ukucha, akaonja. Chumvi.

"Plasta ilikuwa mbichi," fundi akasema. "Nilikudanganya, mama. Nisamehe."

Mama mdogo akatokea mlangoni, gauni mkononi.

"Siku zote hizi unakuja hapa," alimwambia taratibu, "unakunywa chai, unanisikia naapa. Ulikuwa unawaza nini, mwanangu?"

Fundi mwenyewe hakujua, na aibu ikamjaa hadi masikioni.

Mama mdogo akarudi chumbani na kufunga mlango. Watatu wale wakabaki wanasikiliza, wasijue kama anakunja nguo au anazikunjua.