Korali ya Kwenye Mikaratusi

Kabla vita haijaingia Beni, Kanyere alikuwa anapiga kinanda cha kukanyaga katika kanisa la Kiprotestanti la Beu, mtaa wa mji huo. Mwalimu wa korali, Jéthro, mtu wa Bandundu aliyeletwa huko na serikali kufundisha, alipenda nyimbo za kale za makanisa ya Ulaya, zile ambazo sauti moja inaanza, ya pili inaikimbilia, ya tatu inaingia katikati, mpaka kanisa linajaa kama mtungi chini ya bomba. Wimbo mmoja wa mazishi aliwafundisha karibu mwaka mzima. Walipoushika sawasawa, akaweka radiokaseti juu ya benchi akawarekodi. Aliyeongoza soprano ni Gracieuse, mke wa Ananie. Haukupita muda homa ikamchukua Gracieuse, na kaseti ile ikapigwa kwenye kilio chake.

Kisha risasi zikafika. Askari walivunja nyumba ya mwalimu wakabeba radio, kaseti ikiwa ndani. Jéthro akatorokea Butembo. Kanyere, Ananie na wengine wa korali wakapanda mpaka Musienene, wakapewa darasa la shule walale humo.

Asubuhi moja ya ukungu, wanawake wakimenya viazi, korali ikaanza kuimba chini bondeni, ndani ya mikaratusi.

Visu vikasimama. Mama Julie, mzee wa kanisa lao, akaanza kukaza kitenge.

"Ni batu ya Beu," alisema. "Benzetu bamefika. Banatuita."

Watu wakainuka. Kanyere naye alikuwa amekwisha kusimama, furaha imemjaa, ndipo kinanda kikaingia. Aliijua mikono ile. Ilichelewa kidogo kila iliposhuka kwenye besi, kama anavyochelewa yeye.

"Mama, hapana kwenda. Ule anapiga kinanda ni mimi."

"Mais wewe uko hapa."

"Donc ni kaseti. Na bale baliiba kaseti beko na bunduki. Banataka tutelemuke."

Mama Julie akakaa polepole, na wengine wakakaa. Ananie peke yake alibaki wima.

"Gracieuse tulimuzika, ndugu yangu," Kanyere akamwambia.

"Najua, dada. Naenda kusikiliza tu."

Hakuna aliyeweza kumshika. Ukungu ukameza miguu yake, kisha mgongo. Wimbo ulipofika pale soprano inapobaki peke yake, sauti ya mwanamume ikajiunga nayo, pale ambapo mwalimu hakuweka mwanamume yeyote. Walingoja mlio wa bunduki. Haukuja. Wimbo ukaisha, ukaanza tena, ukaisha.

Jua lilipotawanya ukungu, Kanyere na mama Julie wakashuka. Walikuta majivu yaliyolowa mvua na kushikana kama udongo, na alama za buti zilizoelekea msituni, nyasi zimeanza kuota ndani yake. Ananie alikuwa amekaa juu ya kisiki, mzima, radio mapajani.

"Nani alikuwa hapa?" Kanyere akauliza.

"Hakuna mutu. Nilikuta inaimba."

Kanyere aliichukua akaigeuza. Kifuniko cha nyuma hakikuwepo. Mahali pa mapile, zile betri zake, palikuwa patupu, na buibui alikuwa ametandaza utando wake humo, kutoka pembe moja mpaka nyingine, bila uzi hata mmoja kukatika. Mama Julie alichungulia, akageuka, akashika njia ya kupanda mlima.

Vita ilipopoa walirudi Beu, na mwalimu Jéthro akakusanya korali tena. Ananie aliimba vizuri kuliko zamani, ila hakukubali kurekodiwa. Mwalimu alipouliza sababu, Kanyere ndiye aliyemjibu: "Mwalimu, tuimbe tu."

Radio ile Ananie aliizika kando ya kaburi la mke wake, kaseti ikiwa ndani. Kanyere alimsaidia kuchimba. Walipomaliza kukanyaga udongo, wote wawili walisimama kidogo wakisikiliza, kisha wakaondoka haraka, kila mmoja akizungumza kwa sauti kubwa habari za maharagwe.