Niliumwa Nikiwa Mstari wa Nne

Watu wengine huumwa na mbwa wakikimbia. Mimi niliumwa nikisoma.

Wala hakikuwa kitabu. Lilikuwa tangazo kwenye nguzo ya lango la karani mmoja mstaafu ninayemfulia mashati. Siku zote alikuwa akiyafuata mwenyewe, ila wiki ile alituma ujumbe kwamba goti linamsumbua, nimpelekee. Nikafika na furushi langu. Lango dogo lilikuwa wazi, na hapo ndani, chini ya kengele, palikuwa na karatasi yenye maandishi madogo kama mayai ya chawa. Mtu mwenye akili zake angebonyeza kengele. Lakini mimi nilikuwa na miezi saba ya darasa la jioni, na mtu wa miezi saba hapiti maandishi bila kuyasalimia. Nilikuwa nasoma paketi za sabuni, risiti nilizokuta mifukoni mwa wateja, hata vipande vya gazeti vilivyofungiwa misumari. Nikaweka furushi chini, nikaweka kidole kwenye neno la kwanza, nikaanza.

Mbwa alitoka nyuma ya pipa la maji. Hakubweka. Nilisikia mnyororo ukiburuzwa, nikajiambia, ngoja kwanza nimalize neno hili. Ndipo akanidaka nyuma ya mguu, chini kidogo ya goti.

Nilikosha kidonda kwa sabuni na maji mengi, maana sabuni ndiyo mali yangu, kisha nikaenda zahanati. Muuguzi akanisifu kwa kukosha, nikavimba kichwa kwa dakika tatu, hadi aliponitajia idadi ya sindano. Ya kwanza niliilipa kwa ada ya darasa. Zilizobaki sikujua nitazilipa kwa nini, na wiki nzima sikuweza kusimama kwenye meza ya pasi.

Karani alipokuja kunipa pole, alikuja na chungwa moja na msimamo mmoja.

"Pole sana, binti yangu. Lakini tangazo lipo."

Wifi yangu, dada wa mume wangu, tunayekaa naye, alisubiri karani afike nje ndipo aangue kicheko. "Ungekuwa mjinga kama mimi ungepona! Mimi ningeona lango nikapiga hodi. Haya, msomi, elimu imekung'ata."

"Nenda ukacheke jikoni, wifi."

"Nicheke jikoni, nani atakushika mkono kwenda kwa wanasheria?"

Ndivyo tulivyofika kituo cha msaada wa kisheria, chumba kimoja juu ya duka la vipuri, mimi nikichechemea, yeye akimbeba binti yangu wa miaka minne. Kijana wa pale nilimwita mheshimiwa mwanasheria mara tano. Mara ya sita akanikatiza.

"Mimi ni msaidizi wa kisheria tu, dada. Kaa. Mwenye mbwa anasemaje?"

"Anasema tangazo lipo."

Akagonga kalamu mezani. "Hiyo ndiyo ngao yake. Sasa nijibu ukweli. Unajua kusoma? Maana tangazo halimwonyi asiyeweza kulisoma. Kama hujui, ngao imetoboka."

Niliwaza ada ya darasa. Niliwaza daftari langu chini ya godoro. Kisha nikafungua mdomo, na kwa sababu nataka kurudi darasani, nikakana darasa.

"Sijui."

"Mama anajua!" binti yangu akaruka. "Mama anasoma sabuni!"

Wifi akamziba mdomo kwa biskuti. "Anasoma rangi ya paketi, mpenzi. Nyekundu ya nguo, kijani ya vyombo."

Kijana akatuangalia, akasita, akaandika maelezo yangu, akasogeza kidau cha wino. Nami niliyelia miezi saba iliyopita kwa furaha ya kuliaga dole gumba, nikalichovya tena. Alama ilitoka nzuri sana. Dole langu halijawahi kukosea tahajia.

Siku ya usuluhishi tulikaa kuzunguka meza ndefu, binti yangu mapajani mwa wifi. Msuluhishi alikuwa mama wa makamo, miwani kwenye ncha ya pua, mbele yake saa ndogo ya mezani. Karani alikuja amevaa shati nililolipiga pasi mimi, na kwa kweli lilikuwa limenyooka, nikaona fahari mahali pasipofaa. Msaidizi wangu akasema mteja wake hajui kusoma. Karani akanuna. Mambo yakaenda vizuri mno.

"Basi mama athibitishe maelezo yake," msuluhishi akasema, akanisukumia karatasi juu ya meza.

Karatasi ilinifikia ikiwa kichwa chini.

Nikaigeuza.

Laiti ningeishia hapo! Nilipoigeuza, kidole kikaenda chenyewe kwenye mstari wa kwanza na midomo ikaanza kucheza, "M-la-la-mi-ka-ji..." Nilipoinua macho, watu wote walikuwa wananiangalia. Wifi alikuwa ameufunika uso kwa kanga.

"Ahaa!" Karani akasimama, goti lake limepona ghafla. "Asiyejua kusoma anasoma!"

Msaidizi wangu alikuwa amefumba macho kama mtu anayeng'olewa jino. Nikahisi sindano zangu, ada yangu na heshima yangu vikishuka ngazi pamoja, vimeshikana mikono.

"Mama," msuluhishi akasema, bila ukali, na hilo likaniumiza zaidi. "Unajua au hujui?"

"Najua," nikasema. "Najua, lakini polepole. Nilidanganya. Kama ningekuwa sijui kabisa nisingeumwa, na kama ningekuwa najua sana nisingeumwa. Mbwa alinikuta katikati."

"Katikati wapi?"

"Katikati ya tangazo."

Akavua miwani. "Lipo hapa hilo tangazo?"

Lilikuwepo. Karani alikuwa amelileta kama ushahidi, kwenye bahasha ya plastiki, amelishika kama cheti cha ndoa. Msuluhishi akaniwekea mbele.

"Soma kama ulivyosoma siku ile. Ukifika alipokuuma, simama."

Sijawahi kufanya mtihani mgumu kama ule. Nikaweka kidole. "Wageni... wote... wa-tu-ku-fu..." Nilisikia saa ikigonga. Nilisikia mtu akikohoa kwa adabu. Wageni wote watukufu wanaofika katika makazi haya, kwa kazi au kwa salamu, wanaombwa kwa heshima kuzingatia yafuatayo: kwanza, kufuta viatu, pili, kutobonyeza kengele zaidi ya mara mbili, tatu... Jasho lilinitoka. Hapo ndipo lilipo lile neno.

"Ku-to-e-ge..." Nikasimamisha kidole. "Hapa. Mstari wa nne. Alinikamata kwenye 'ge'."

Msuluhishi akalivuta tangazo, akamalizia yeye: "Kutoegemeza baiskeli ukutani, nne, kurudisha komeo, na mwisho, kujihadhari na mbwa." Akaitazama saa. "Dakika mbili na nusu, na hata kwa mbwa hajafika. Mzee, mnyororo wa mbwa wako unafika kwenye hiyo nguzo?"

"Unafika, lakini mtu wa kawaida anasoma haraka!"

"Kwa hiyo tangazo lako ni la watu wenye haraka?"

Karani akalivuta tangazo. Mtu aliyeandika barua za ofisi miaka thelathini akahesabu mistari yake kwa kidole. Alipokaa, goti lilikuwa linamuuma tena. "Nilitaka liwe la adabu," akasema chini chini. "Kuanza na mbwa niliona si ustaarabu."

Nilimwonea huruma. Na mimi pia nilikuwa nimeumwa kwa ajili ya kupenda maneno.

Uamuzi ukawa hivi: karani alipe sindano zote, pamoja na ile ya ada, na ahamishe mbwa. Siku za kazi nilizopoteza nilidai saba.

"Utapata nne," msuluhishi akasema. "Tatu nimezikata. Ni za uongo wako."

"Asante, mama."

Kisha akanisogezea hati ya makubaliano na kidau cha wino. Nikamwangalia msaidizi wangu. Akakirudisha kidau upande wake, akanipa kalamu.

Nikaanza. Jina langu lina herufi nyingi, la baba lina nyingi zaidi, na sikuona sababu ya kumwacha babu. Tumbo la mtu likanguruma. Karani akaangalia mlango, akaangalia saa, akataka kusema kitu.

"Mwache," wifi akamwambia. "Yuko katikati."

"Mama anaandika," binti yangu akatangaza, na mara hii hakuna aliyempa biskuti.