Kidonge cha Mtani

Katika wodi ile ya hospitali ya misheni, nje kidogo ya Lindi, hakuna waliocheka kama Rosalia na Mwahija. Rosalia Mmakonde, Mwahija Mmwera: watani. Mmoja akipika dagaa, mwenzake anapakua bila kuomba, tena anayaponda mapishi. Wote walikuwa wakiuguza. Rosalia alikuwa na mumewe, Erasmo, baba wa mwanawe Jerome. Mwahija alikuwa na kitindamimba wake, Kibwana, fundi cherehani wa Mitole. Wagonjwa wote wawili walikuwa na saratani ya damu, ile isiyongoja.

Daktari alikuwa akilinganisha tiba. Upande wa dirishani, alikolala Erasmo, wagonjwa walichomwa sindano za dawa mbili. Upande wa mlangoni, alikolala Kibwana, walichomwa hizohizo, kisha wakaongezewa vidonge. Aliwaambia wazi kwamba bado hajui tiba ipi inafaa zaidi. Lakini Rosalia hakuwa mtoto mdogo wa kudanganywa kwamba mbili ni sawa na tatu. Miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa, maduka yalifurika redio na viatu vya Dubai, ila vidonge vile hata katika duka la dawa la Mohammedraza, kule mjini, havikuwepo. Alikwisha kuuliza.

Basi kila adhuhuri akawa anamwambia Mwahija, “Nenda kaswali, Mmwera wee, huyo mwanao nitamnywesha mimi.” Mwahija alikwenda kwa moyo mweupe. Kibwana, macho mazito kwa homa, alipewa kidonge kimoja badala ya viwili. Cha pili kilisagwa ndani ya uji wa Erasmo, naye akanywa bila kujua. Mara ya kwanza Rosalia alichungulia mlangoni kabla ya kukisaga. Baadaye hakuchungulia tena, na hilo ndilo lililomtia aibu zaidi kila alipolikumbuka.

Erasmo akaanza kupata nafuu. Kibwana akazidi kudhoofu. Asubuhi moja daktari alisimama kando ya kitanda chake, akamweleza Mwahija kwa upole kwamba vidonge havikumsaidia mwanawe, na sasa anaviondoa.

Rosalia alihisi uso unamwaka. Angenyamaza, Kibwana angenyimwa dawa ambayo hakuwahi kuipata kamili.

“Daktari, usiviondoe,” alisema. “Hakuvinywa vyote. Nilikuwa namwibia mimi.”

Mwahija akaangua kicheko. “Msamehe, daktari. Huyu mtani wangu. Wamakonde hawa hawana adabu hata mbele ya wagonjwa.”

“Mwahija, nimeiba kweli.”

“Na sufuria yangu je, umeiba?”

Rosalia alitamani ardhi ipasuke immeze. Akafungua pindo la khanga, akatoa kidonge cha jana, siku ambayo Erasmo alikataa uji. Akakiweka juu ya shuka la Kibwana.

Kicheko kikakatika. Mwahija alikitazama kidonge, akamtazama Erasmo aliyekuwa ameketi kitandani akimenya chungwa, kisha akamtazama Rosalia.

“Mama Jerome,” alisema taratibu, “naomba unipishe, nikae na mwanangu.”

Tangu wajuane hakuwahi kumwita kwa heshima namna ile.