Waangalie Wanaotoka

"Usiwaangalie wanaoingia," baba alininong'oneza, ingawa barabara nzima ilikuwa kati yetu na lango la chuo, na hapakuwa na mtu wa kutusikia. "Kila anayeingia ana matumaini. Waangalie wanaotoka."

Tulikuwa tumesimama mbele ya duka la vioo, na migongo yetu ikarudiwarudiwa nyuma yetu kama foleni ya watu waliokuja kuomba jambo moja. Baba alivaa shati lake jeupe, limepigwa pasi hadi mikunjo ya mikono imesimama. Bahasha yenye vyeti vyangu aliibeba kama mtu aliyebeba trei ya mayai. Nilikuwa nimemaliza shule, na kitu nilichokitaka ni kimoja tu: kusomea usimamizi wa masoko. Vyuo vilivyokubali kunipokea vilikuwa viwili. Kimoja ndicho hiki, cha mjini kwetu, unatoka nyumbani kwa miguu na unafika kabla jasho halijakutoka. Cha pili kilikuwa mji mwingine, safari ya kutwa nzima kwa basi.

Wanafunzi wakaanza kutoka. Msichana mmoja alikuwa akimwigiza mwalimu wake, mkono kiunoni na shingo imevutwa juu, na wenzake wakacheka mpaka mmoja akaketi ukingoni mwa barabara. Mwingine alitoka peke yake, akaenda moja kwa moja kwa muuza miwani wa pale nje, akaanza kumhoji habari za wateja wake. Muuza miwani akampisha kiti.

Baba aliwatazama kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Hapa pazuri." Basi. Akafuta midomo kwa leso, tukaondoka.

Nilidhani alikuwa ananong'ona kwa heshima ya elimu.

Mtaani kwetu walimwita Redio. Kazi yake ilikuwa kusimama mlangoni mwa duka la vitambaa na kuwaita watu waingie. Wapo wapiga debe wanaokurushia sauti kama mtu anayemwaga maji barabarani. Sauti ya baba haikuwa hivyo. Ilikugusa begani, kama mkono wa mtu mnayejuana. "Mama yangu, kile ulichokuwa ukikitafuta kimefika!" Na mwanamke ambaye hakuwa akitafuta chochote angesimama, akajiuliza alikuwa akitafuta nini.

Ng'ambo ya barabara alisimama hasimu wake, muuza viatu, mtu mfupi mwenye kifua kama ngoma.

"Redio, punguza! Betri itakwisha!"

"Punguza uongo wewe! Viatu vyako vitaona aibu, vikimbie bila miguu!"

Kutwa kucha ndivyo walivyoishi. Jioni walifunga milango yao na kurudi nyumbani wameshikana mikono, kila mmoja sauti imemkwaruza.

Wapita njia walizoea kumchokoza baba kwa methali. Kizuri chajiuza, Redio, kibaya chajitembeza. Mbona wewe unapiga kelele? Naye angejibu, "Kweli, kizuri chajiuza. Lakini lazima awepo wa kukifungulia mlango."

Nikitoka shule nilikaa juu ya marobota ya vitambaa na kumsikiliza. Hapo ndipo nilipoipenda kazi hii, na hapo ndipo aliponifundisha sheria yake ya pekee. Kitu kizuri kinasifiwa mara moja. "Ukikisifu mara ya pili, mteja anaanza kukitafuta tundu," aliniambia. "Na ukinisikia mimi nimekisifu mara ya pili, ujue tundu nalijua lilipo, ila tajiri mwenye duka ametaka robota liondoke leo." Basi nikawa natega masikio. Ikitokea sifa ya pili, nilijiziba mdomo kule juu ya marobota, na baba, bila kugeuka, alinikonyeza kwa jicho la upande.

Chuo cha mbali kilijengwa mteremkoni. Mhadhiri aliyetupokea aliwahi kuuza sabuni za kampuni kubwa kabla ya kufundisha, na alimzungusha baba kila mahali kwa uungwana, kama watu wa kazi moja wanavyotembeleana. Tuliona maktaba, tuliona chumba ambamo wanafunzi walibuni matangazo ya bidhaa ambazo hazijatengenezwa. Baba alitikisa kichwa kila tulipofika, akiitikia bila kusema.

Tulipotoka tukavuka barabara, tukasimama. Wanafunzi walitoka harakaharaka, nadhifu, wakitazama simu. Sikumwona aliyecheka. Nikageuka nimwulize baba anaonaje, nikakuta hawatazami kabisa. Alikuwa ananitazama mimi.

"Chuo ndicho hiki," akasema. "Chuo kizuri hiki, mwanangu."

Kituoni, tukisubiri basi la kurudi, alishika kikombe cha chai kwa mikono miwili, akameza kwa shida, akasema tena, "Kile chuo ni kizuri sana."

"Baba," nikacheka, "umekisifu mara mbili."

Akazungusha kikombe, akatazama ndani yake.

"Kile si kitambaa," alisema.

Hata hivyo moyo wangu ulibaki kwenye chuo cha jirani. Wanafunzi wake walipelekwa kwenye maduka ya mtaani kwetu kujifunza kwa vitendo, na mimi nilishajiona mlangoni pale, daftari kwapani, baba upande mmoja na mimi upande wa pili. Nilimweleza hivyo wakati wa chakula cha jioni. Mama akafunika sufuria ambayo tayari ilikuwa imefunikwa, akatoka uani.

"Pale mlangoni panamtosha mtu mmoja," baba akasema.

Kisha akasimama. Katika chumba kile kidogo, katikati ya meza na kabati, akaninadia chuo cha mbali. Akaninadia maktaba yake na mteremko wake, akaninadia mji ambao ningeujua peke yangu bila kushikwa mkono na mtu. Sauti ilitoka nzima, ya zamani, ile ya begani, na mwishoni mishipa ya shingo ilikuwa imemsimama na machozi yanamlenga. Nilidhani ni furaha. Mtu huyu alishawauzia watu mapazia ya madirisha ambayo hawakuwa nayo. Mimi ningeponea wapi?

Nikachagua mbali. Na sikuisikia tena sauti ile.

Mwanzoni, nikipiga simu, alinijibu kwa neno moja moja. Baadaye mama akawa mkalimani. "Baba yako anasema ule vizuri." "Baba yako anauliza mmefundishwa nini." Nilipomtaka mwenyewe, mama alisema mafua yamemkamata, yanagoma kuondoka. Halafu nilisikia mgongano mdogo kwenye simu, kitu kigumu kikigonga, na mama akacheka kicheko kisicho na meno. "Ni yeye huyo. Anagonga simu kwa pete yake, anakusalimia."

Likizo ilipofika sikwenda nyumbani kwanza. Nilishuka kwenye basi na begi langu, nikashika njia ya mtaa wa maduka. Nikiwa bado kwenye kona nikasikia vitambaa vinanadiwa, nikakaza mwendo. Lakini sauti ile ilikuwa ya kifuani, ya kishindo, na ilitoka upande usiokuwa wake.

"Vitambaa! Vukeni barabara, ingieni kwa Redio! Viatu baadaye, jamani, viatu havikimbii!"

Muuza viatu alikuwa ameupa mgongo mlango wake mwenyewe. Ng'ambo, mlangoni mwa duka la vitambaa, baba alikaa kwenye kigoda, shingo imezungushiwa kitambaa cheupe, akiwaonyesha wateja njia kwa mkono ulio wazi. Aliponiona akasimama. Akafungua kinywa, mikono yote miwili juu, kama alivyofanya kila nilipotoka shule. Pumzi tu ikatoka.

"Alijua lini?" nilimwuliza mama jikoni.

Aliendelea kumenya kitunguu ambacho kilishakwisha maganda.

"Kabla hamjaenda kuviangalia vyuo. Daktari alishamwambia uvimbe utaichukua sauti kwanza." Hakusema utachukua nini baadaye. "Mimi nilitaka ubaki. Akakataa. Alisema, akibaki huyu hatasomea masoko, atasomea koo langu."

Nikatoka uani. Nilikuwa nakumbuka duka la vioo, msichana aliyemwigiza mwalimu, muuza miwani akimpisha mtu kiti. Hapa pazuri. Chuo kile cha jirani baba alikisifu mara moja tu.

Nilimwambia nahama. Nilimwambia chuo cha jirani kitanipokea hata katikati ya mwaka, nitakaa naye mlangoni, nitaita mimi. Baba alinisikiliza mpaka mwisho, kama mtu wa biashara anavyomsikiliza mteja anayelia bei. Kisha akatikisa kichwa kukataa. Akalichukua begi langu, akalifuta vumbi kwa kiganja, akaliweka karibu na mlango. Akanivuta sikio hadi midomoni mwake, na ile pumzi iliyobaki akaigawa kidogo kidogo ili inifikie.

"Siku ya kutoka," akasema, "nitakuwa ng'ambo. Nitaangalia."

Nikarudi. Nilisoma tabia za wanunuzi na namna ya kuipatia bidhaa jina, na nilisoma kwa bidii, kwa sababu nilikuwa na mtu wa kumsimulia. Kila wiki nilimweleza baba somo zima kwenye simu, naye alinijibu kwa pete: mara moja kwa zuri. Hakuwahi kugonga mara ya pili. Kisha wiki moja pete haikugonga, akazungumza mama, na safari hii hakuwa mkalimani wa mtu.

Siku tuliyomzika, muuza viatu hakuita chochote. Duka lake lilikuwa wazi, viatu vimepangwa kama kawaida, na yeye amesimama mlangoni na mdomo umefungwa, anatazama ng'ambo.

Mahafali yetu yalifanyika asubuhi ya jua kali. Mama hakuweza kusafiri. Miguu ilikuwa imevimba. Nilipokea cheti changu, nikapiga picha na wenzangu, nikavua joho na kulirudisha. Nikateremka peke yangu hadi langoni, na hatua chache kabla ya kutoka nikashindwa kuendelea. Nililia nikiwa nimeegemea ukuta kwa ndani, mahali ambapo mtu wa barabarani hawezi kuniona.

Mlinzi akasogea. "Vipi, dada? Umesahau kitu?"

"Hapana, kaka," nikamwambia. "Ngoja nijiweke sawa kwanza."

Nikafuta uso kwa leso, nikanyoosha mikunjo ya mikono ya blauzi yangu. Ng'ambo, pale niliposimama na baba, palikuwa na ukuta mweupe na kivuli chake, na mtu hakuwepo. Nikashusha pumzi, nikatoka nikicheka.