Nilivyotafsiri Maneno ya Mama

Kamati ya Afya ya bunge la kaunti ilikuja kutusikiliza siku ya Jumatano, katika ukumbi wa kanisa. Gari lenye vipaza sauti lilikuwa limepita mara mbili wiki hiyo, likitangaza kwamba mwananchi yeyote mwenye neno kuhusu zahanati yetu aje aseme, na kwamba yatakayosemwa yataandikwa na kupelekwa bungeni. Mimi ndiye niliyempigia mama simu kule Petta, upande wa Tororo, Uganda. Nilimwambia, "Njoo. Wanataka kusikia."

Mama alikuja na mtoto wa Harriet mgongoni. Mtoto alikuwa na miezi mitatu. Harriet, mdogo wangu, alifariki siku ileile aliyomzaa.

Aliyemwita Harriet kuja kujifungulia Kenya ni mimi. Nilimwambia zahanati yetu imejengewa chumba kipya cha wazazi, kina vitanda viwili na mlango wa bluu, na kutoka kwangu ni mwendo mfupi. Mama akaja naye. Uchungu ulimshika asubuhi, tukamfikisha saa nne. Chumba kilikuwa na kufuli. Ufunguo alikuwa nao msimamizi wa zahanati, Jacktone, naye alikuwa amekwenda semina mjini. Nesi alikuwa mmoja, na foleni ilifika hadi kwenye lango. Harriet alizaa barazani, juu ya saruji, sisi wanawake tumemzungushia leso, na wanaume wa foleni wamegeuza nyuso barabarani. Mtoto alitoka salama. Kondo la nyuma halikutoka. Nesi alisema dawa na vifaa vya kumsaidia vimo mle ndani. Tulisukuma ule mlango mpaka mabega yakauma. Ilipofika saa sita hapakuwa na haja ya kusukuma tena.

Hayo ndiyo mama alikuja kusema. Wanawake waliokuwapo siku ile walituahidi kwamba mwenye msiba akishasema, nao watasimama waunge mkono.

Ukumbi ulijaa. Wajumbe watano wa kamati walikaa kwenye meza iliyotandikwa kitambaa cheupe, mwenyekiti katikati, mama mnene mpole aitwaye Mheshimiwa Norah. Karani wao, Osborn, alitupitishia karatasi tuandike majina, kisha akasoma masharti: kila shahidi dakika tatu, matusi hayaruhusiwi, na asiyejua Kiswahili aje na mtu wa kumtafsiria, ila dakika zinabaki tatu zilezile.

Mama alikuwa shahidi wa nne. Aliposimama, kijana mmoja nyuma akasema, "Huyo ni wa Uganda. Si mpiga kura wako, Mheshimiwa."

"Na wewe uliyechukua soda tatu pale mlangoni, ni mpiga kura wa nani?" mjumbe mmoja akamjibu. Watu wakacheka.

Mwenyekiti aligonga meza. "Mgonjwa haulizwi kitambulisho hapa mpakani. Karibu, mama. Unazungumza lugha gani?"

Mama alinitazama. Kiswahili chake ni cha kuulizia bei tu. Nikasema kwa sauti ndogo, "Dhopadhola."

"Wewe ni nani yake?"

"Ni mama yangu."

"Basi njoo mbele umtafsirie."

Sijawahi kusimama mbele ya watu. Hata kanisani hukaa karibu na mlango. Lakini nilienda, maana mama alikuwa ameshika mkono wangu. Nilipofika kwenye kipaza sauti ndipo nilipomwona Mzee Okumu, baba mkwe wangu. Alikuwa kwenye kiti cha mbele kabisa, kwa kuwa ni mmoja wa wazee wanaoiangalia zahanati. Kati yetu zilikuwa hatua mbili tu.

Tangu niolewe sijala naye mahali pamoja. Akipita uani, mimi huhama njia, na yeye hukohoa kabla hajafika jikoni ili nipate kujifunika. Hajanitukana wala kunigombeza hata siku moja. Mbele yake sijataja hata mimba yangu mwenyewe. Alijua kuna mtoto alipoona nepi kwenye kamba. Siku Harriet alipofariki aliambiwa amekufa kwa kuugua, akatoa ng'ombe, na hakuuliza zaidi, kwa sababu hayo si ya mkwe kuuliza. Sasa alikuwa ameweka mkono nyuma ya sikio anisikie vizuri.

Mama akaanza. Hakulia. Alisema kwa Dhopadhola, lugha ambayo mle ukumbini tuliijua sisi wawili tu, "Binti yangu alizaa nje kwenye saruji kama mbuzi, watu wakipita. Chumba cha kuzalia kilikuwapo, kimefungwa, na ufunguo umekwenda kutembea. Kondo lilibaki tumboni mwake na damu ikaisha. Nataka wajue mwenye ufunguo ni nani."

Akanigeukia.

"Mama anasema," nikaanza, "binti yake aliletwa hapa akiwa mgonjwa."

"Mgonjwa wa nini?" mwenyekiti akauliza.

"Mgonjwa tu."

"Sema, dada, usiogope."

"Ugonjwa wa wanawake."

Mtu alicheka chinichini. Nilitazama vidole vyangu vya miguu. "Anasema mlango ulikuwa umefungwa. Hakusaidiwa."

"Mlango wa wapi? Wa zahanati?"

Nilikuwa na jibu mdomoni. Chumba cha kujifungulia. Lakini ningesema hivyo, wangeuliza alijifungulia wapi basi, na ningesema barazani, na wangeuliza kilichomuua, na ningelitaja lile neno, kondo, huku baba mkwe akinitazama usoni kwa wema, mkono nyuma ya sikio.

"Ndiyo," nikasema. "Wa zahanati."

Osborn akaandika. Jacktone aliinuka kwenye kiti chake na daftari kubwa kifuani. Shati lake lilikuwa limepigwa pasi vizuri. Alisema, "Mheshimiwa mwenyekiti, nampa mama pole. Lakini siku hiyo zahanati ilikuwa wazi. Rejesta hii hapa. Wagonjwa arobaini na mmoja walitibiwa, sahihi ya nesi hii hapa."

Daftari likapita mezani kutoka mkono hadi mkono. Mwenyekiti akavua miwani. "Mama anasemaje kuhusu hili?"

Nikamwambia mama kwa lugha yetu, "Wanasema siku ile watu walitibiwa."

"Walitibiwa, ndiyo," mama akasema. "Walisimama pale wakipewa vidonge huku mtoto wangu akiisha miguuni pao. Waambie. Waambie hivyo hivyo."

Nikageukia kipaza sauti. "Anakubali kwamba walitibiwa."

"Dakika tatu zimekwisha," Osborn akasema. "Shahidi wa tano."

Niliwatazama wale wanawake wetu. Hawakuinuka. Mmoja alikuwa ananitazama kama mtu aliyemwagiwa maji. Wangeunga mkono nini? Shahidi wa tano alikuwa mzee mmoja aliyetaka taa kwenye njia ya zahanati, na alisema kwa sauti kubwa mpaka akapigiwa makofi.

Nje, mama alifunga leso upya, mtoto akiwa amelala. Uso wa mama ulikuwa umelegea kwa mara ya kwanza tangu mazishi.

"Umesema vizuri, Aboth," akaniambia. "Nimemwona yule mama wa katikati akivua miwani. Imemchoma."

Nilimsindikiza hadi mpakani, nikamtazama akivuka.

Nilikaa siku kumi bila kumwambia mtu. Siku ya kumi na moja nilijikaza, nikaenda kwenye ofisi yao ndogo pale sokoni, nikamkuta Osborn. Nilimwambia kuna neno sikulitafsiri. Hakunicheka.

"Dada, ungeleta barua ndani ya siku saba," akasema. "Tulitangaza. Ripoti imeshafungwa."

"Hata neno moja?"

"Neno moja nikiliongeza mimi, kesho nitaambiwa nimehongwa."

Muhtasari wa ripoti ulibandikwa kwa Kiswahili kwenye ubao wa zahanati baada ya miezi miwili. Nilikwenda na daftari la mtoto wangu, nikanakili nikiwa nimesimama, polepole, kwa sababu sijazoea kuandika mengi. Sehemu yetu ilikuwa mistari mitano. Shahidi wa nne, raia wa nchi jirani, alidai zahanati ilikuwa imefungwa saa za kazi. Rejesta ilionyesha wagonjwa arobaini na mmoja. Shahidi mwenyewe alikiri kwamba walihudumiwa. Dai halikuthibitishwa. Kamati inapendekeza taa za barabarani, na inampongeza msimamizi kwa kuweka kumbukumbu vizuri.

Mlango wa bluu ulikuwa nyuma yangu nilipokuwa nikiandika. Kufuli lilikuwa pale pale.

Jioni ile baba mkwe alikohoa, lakini hakuendelea na njia yake. Alisimama nje ya jikoni, amenipa mgongo. Nadhani mkewe alikuwa amemweleza, au wanawake wale walikuwa wamechoka kunyamaza.

"Mwanangu," akasema, "ni mlango gani ulikuwa umefungwa?"

Nilipiga magoti pale kwenye majivu. Sikuweza kusema, hata wakati huo.

"Ungemtuma mtu aninong'oneze nitoke," akasema. "Ningetoka. Ningekwenda kukaa barabarani mpaka mmalize."

Kisha akaenda zake, na sauti ya viatu vyake ilikuwa ya mtu mzee sana.

Jumamosi nilikwenda Petta. Nilimkuta mama uani anapepeta karanga, mtoto kwenye mkeka kando yake. Mtoto anakunywa maziwa ya ng'ombe, amenenepa mashavu, ana paji la uso la Harriet. Mama aliona daftari mkononi mwangu, akasukuma ungo pembeni.

"Wamejibu?"

"Wamejibu."

"Soma."

Njiani nilikuwa nimepanga cha kumwambia. Ningemsomea kwamba kamati imesikitika, kwamba Jacktone amehamishwa. Asingejua kamwe. Nilifungua daftari, nikatafsiri mstari wa kwanza kama ulivyo, halafu wa pili. Alinisikiliza akisubiri jina la Harriet. Mistari ikaisha.

"Mimi nilisema zahanati imefungwa?"

"Hapana, mama. Mimi ndiye niliyesema."

Nikamweleza yote. Nilimweleza kuhusu kiti cha mbele na yule mzee, na nilichosema mahali pa kila alichosema. Mama ameolewa, anajua mambo ya wakwe. Hakuniuliza kwa nini.

"Kwa hiyo nilikuwa nasema na wewe tu," akasema.

Hakugomba. Afadhali angegomba. Nilikaa chini, nimeshika daftari.

"Sasa sema," akaniambia.

"Niseme nini?"

"Yale yangu. Kwa hicho Kiswahili chao. Nataka kusikia yalivyo."

Hapakuwa na mtu mwingine uani. Nikasema. Nilisema chumba cha kujifungulia kilikuwa kimefungwa na ufunguo ulikuwa kwa Jacktone. Nilisema alizaa barazani, kondo halikutoka, akavuja damu tangu saa nne mpaka saa sita, na watu arobaini na mmoja wakapewa dawa mbele yake. Yalitoka bila shida. Mama alinitazama mdomo mpaka nikamaliza.

"Ni hayo tu?"

"Ni hayo tu."

"Ni mafupi," akasema.

Akamwinua mtoto kwenye mkeka, akaenda kumwogesha.