Maneno ya Kitinda Kwenye Kola

Mzazi, mwanao akisema neno akiwa kitandani, liandike lilivyo, hata likikuchoma. Liache na vumbi lake. Mama mmoja, fundi cherehani, alilipangusa.

Binti yake wa mwisho, aliyeitwa Kitinda na nyumba nzima, alianguka kwenye ngazi za nyumba aliyopanga na mumewe. Alilala wodini siku mbili akiongea kidogo kidogo, ya tatu akafariki. Mama alikuwa na daftari la vipimo kwenye mkoba, basi alichosema bintiye akakiandika humo humo, kati ya viuno na mabega ya wateja.

Sasa mkwe wake alikuwa kizimbani kwa kosa la kuua kwa kukusudia, na mama hakuelewa kwa nini kesi nzima imesimama kwa ajili ya karatasi. Alidhani ataingia, atasema, ataondoka. Kumbe leo wanaulizana kama maneno ya Kitinda yapokelewe au yaachwe nje. Jaji alimweleza taratibu: aliyesema hawezi kuja kuulizwa, kwa hiyo lazima kwanza ijulikane kwamba maneno ni yake na yamefika kama yalivyotoka.

"Mimi ndiye niliyemzaa," mama akasema. "Yatakuwa ya nani tena?"

Wakili wa mkwe, mzee mwenye kikohozi, akainua karatasi. "Mama yangu, binti yako anasema hapa, 'Tuligombana. Alinisukuma makusudi.' Uliandika ukiwa wodini?"

"Wodini."

"Umekaa?"

"Nimesimama. Kiti kilikuwa na mwenyewe."

"Umesimama, mtoto anaumwa mbele yako, na mwandiko umenyooka kama umepigwa pasi. Hata neno moja hukufuta?"

Mama alijiona kama aliyepotea sokoni, soko lenyewe la kila siku. Kwani kosa liko wapi? Aliyanakili tu nyumbani, mezani, akiyasafisha kama anavyosafisha kila kazi. Nani humkabidhi mteja gauni lenye nyuzi zinazoning'inia?

"Niliyanakili vizuri," akasema.

"Na karatasi ya kwanza iko wapi?"

"Ukutani kwangu. Ni kola."

Watu wakacheka. Jaji hakucheka. "Kola?"

"Kiolezo cha kola, mheshimiwa, karatasi ya kufuatisha nikikata kitambaa. Siku niliyorudi kazini mikono ilikata, akili haikuwepo. Nilikuja kujua nimekata nini wakati naitundika kwenye msumari."

Jaji akamtuma akailete, na askari wa kike amsindikize. Njiani askari alishindwa kujizuia.

"Ya shati au ya gauni, mama?"

"Ya gauni. Ya mviringo."

"Hiyo ngumu. Fundi wangu huipindisha kila mara."

"Mlete kwangu huyo fundi wako," mama akajibu, halafu akashangaa mdomo wake umepata wapi nguvu ya kutania.

Waliporudi, karani wa mahakama aliisoma akiizungusha kama usukani, maana mistari ilifuata daftari na mkasi ulifuata shingo. "Kiuno ishirini na nane," akaanza.

"Hicho ni cha mteja," mama akasema.

"'Tuligombana. Alinisukuma. Sijui kama alikusudia, mama. Mwambie...' Hapa imekatwa."

Mkwe, aliyekuwa ameinamia viatu vyake tangu asubuhi, akainua uso.

"Kwa hiyo 'makusudi' ni neno la nani?" wakili akauliza.

"Langu," mama akasema kwa sauti ndogo.

"Na hili 'mwambie'? Aambiwe nani? Nini?"

Mama akafungua mdomo. Maneno yakamjia kwa wingi: mwambie nimemsamehe; mwambie Mungu anamwona; mwambie arudishe nguo zangu. Yote yalikuja kwa sauti ya Kitinda. Lipi lilitoka kitandani, na lipi amelishona mwenyewe miezi hii minane? Alitafuta mshono asiuone.

"Nilikuwa nayajua," akasema. "Sasa siyajui."

Jaji akaandika kwa muda mrefu. Kisha akasema nakala safi haipokelewi. Kola inapokelewa ilivyo, mpaka pale mkasi ulipopita, na hakuna mtu, hata mama, atakayejaza palipokatwa.

Nje, mama akamshika askari mkono. "Mwanangu, nimeshinda au nimeshindwa?"

"Maneno ya dada yameingia, mama."

"Yote?"

"Yaliyobaki."

"Na karatasi yangu?"

"Hiyo haitoki mpaka kesi iishe."

Alipofika kwenye karakana alimkuta mteja anasubiri gauni lake, na msumari mtupu. Mama akavuta gazeti kuukuu akate kola nyingine. Akalisoma kwanza mbele, akaligeuza akalisoma nyuma, neno kwa neno, mteja akipiga miayo, ndipo akashika mkasi.